Maji ya Kwenye Pazia

Kabla hajaitwa mheshimiwa, aliitwa Brashi. Jina hilo lilimganda tangu aliporudi kutoka chuo cha sanaa na sanduku la rangi na kofia ambayo mji mzima uliicheka. Nimepita miji mingi yenye mchoraji mmoja, na wachoraji hao maisha yao ni mamoja: kuku kwenye ukuta wa bucha, kichwa cha mwanamke kwenye mlango wa saluni, jina la marehemu kwenye kibao cha kaburi. Asubuhi unamchorea mtu duka, jioni unamwandikia kaburi, na rangi ni ile ile.

Alilelewa na shangazi yake, dada mkubwa wa baba, kwenye nyumba ya vyumba viwili chini ya kilima. Juu ya kilima kulikuwa na msitu mdogo, na katikati ya msitu, chini ya mkuyu, kulikuwa na chemchemi. Haikuwa kubwa. Ungeweza kuifunika kwa mkeka. Lakini haikuwahi kukauka, na bomba la mji lilivuta maji hapo hapo.

Kazi yake kubwa ya kwanza aliipata kwa mpiga picha wa barabara ya sokoni, aliyetaka pazia jipya la studio, lile linalotundikwa nyuma ya wateja. Brashi alipanda kilimani na karatasi zake, akakaa huko siku kadhaa, akarudi akauchora mkuyu mzizi kwa mzizi, na chemchemi yake chini.

Mpiga picha alilitazama pazia, akajikuna kidevu.

"Fundi, maji yako yamelala."

"Ndivyo yalivyo, kaka. Ni chemchemi."

"Mteja avae suti aje kupigwa picha na dimbwi? Yasimamishe hayo maji! Yaanguke!"

Basi akayasimamisha. Akachora maporomoko meupe yakishuka nyuma ya mkuyu, na kwa kuwa juu palibaki peupe, akaongeza ndege mmoja aliyekunjua mbawa. Kwa miaka mingi mji mzima ulisimama mbele ya pazia hilo: maharusi, wahitimu, watoto wanaolia. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mpiga picha alijua kuzikata zisionyeshe sakafu. Shangazi naye alipigwa picha pale pamoja na mumewe, mwaka mmoja kabla hajafiwa. Akaiwekea fremu, akaitundika juu ya kitanda.

Siasa ilimwingia Brashi kupitia shoka. Wachoma mkaa walipoanza kuupunguza msitu, alichora ukutani, mkabala na ofisi ya baraza, kila mti ulioanguka. Waliufuta ukuta kwa chokaa, akachora tena. Mwishowe bomba likaanza kukohoa hewa badala ya maji, na watu waliokuwa wakimcheka wakampigia kura.

Udiwani wake, ukiutazama kwa haki, ulikuwa wa ushindi mdogo mdogo. Aliwazuia wenye bucha kutupa matumbo mtoni. Alihamisha jalala kutoka ukuta wa shule. Alipanda miche kilimani, mbuzi wakaila yote, na mbuzi wale wakaitwa kamati ya mazingira. Sokoni walimtania: "Msanii, tuchoree maji tunywe!" Alicheka nao. Mkuyu ulikuwa bado umesimama, na chemchemi, ingawa kiangazi ilizama kwenye tope, masika ilirudi.

Ndipo ikaja kampuni ya kokoto. Ilikitaka kilima kizima.

Sheria ilikuwa fupi: penye chanzo cha maji hapachimbwi. Kampuni ilisema kilima ni kikavu, na kwamba lile tope ni la mvua tu. Jopo likateuliwa lije kusikiliza pande zote ukumbini. Ilikuwa kiangazi, chemchemi imezama, kwa hiyo Diwani akatangaza: mwenye picha ya zamani ya kilima ailete.

Watu walileta, na karibu zote zilikuwa za studio. Picha ya kweli ilipatikana moja tu, ya mwalimu mstaafu, yenye ukungu, inayoonyesha wavulana wamechuchumaa kando ya maji. Hiyo ndiyo aliyoikabidhi kwa jopo. Zile nyingine alizirudisha kwa upole: "Hizi ni kumbukumbu za familia, zitunzeni." Hakusema kwa nini. Mpiga kura haambiwi kwamba ujana wake ulikuwa kitambaa.

Shangazi alimletea ya kwake akiwa ameifuta vumbi.

"Hii ndiyo itakayowaziba midomo, mwanangu. Tazama maji yanavyomwagika."

"Ni nzuri, shangazi. Irudishe ukutani, isije ikapotea."

Mwanamke aliyekuogesha utotoni unamsahihishaje?

Siku ya kusikilizwa, shangazi alisimama bila kuitwa, fremu mikononi. Mwenyekiti wa jopo, kwa heshima ya umri wake, akamruhusu. Alizungumza vizuri kuliko wote. Alisema alioga kwenye maporomoko yale akiwa msichana, na kwamba siku ya picha ile yeye na mumewe walilowa, wakarudi wakicheka njia nzima. Ukumbi ukaitikia. Wengine wakatoa picha zao mifukoni na kuzipunga juu.

Wakili wa kampuni alikuwa dada mpole mwenye miwani. Aliiomba ile ya shangazi, akaomba na ya bwana mmoja wa safu ya mbele, akaziweka sambamba mezani.

"Mama, picha yako ni ya mwaka gani?"

Shangazi akamwambia.

"Na ya huyu bwana ni ya miaka tisa baadaye. Ndege ni yule yule, mahali pale pale. Huyu ndege hachoki?"

"Anaishi hapo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka, lakini kicheko kile kilikuwa na baridi ndani yake.

Mwenyekiti akageuka. "Mheshimiwa Diwani, wewe ni mzaliwa wa hapa. Haya maporomoko yalikuwepo?"

Neno moja lingetosha. Wote waliokuwa ukumbini walikuwa tayari kuliapia. Shangazi alimtazama bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesubiri apewe kiti.

"Mkuyu ni wa kweli," alisema Diwani. "Chemchemi ni ya kweli. Nilikaa pale nikaichora."

"Nimeuliza maporomoko."

"Hayakuwepo. Niliyachora mimi. Na ndege pia."

Baada ya hapo hakuna aliyesikia kitu. Wakili aliinua ile picha ya mwalimu, ya kweli, akauliza taratibu: "Na hii, mheshimiwa, nani aliichora?" Hata mjumbe mmoja wa jopo alicheka.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini majirani hawana habari naye. Kampuni ilipewa kilima kabla ya masika. Mkuyu ulikatwa asubuhi moja, na chemchemi ikafukiwa chini ya njia ya malori. Uchaguzi uliofuata Brashi alipata kura chache kuliko mgombea aliyekuwa amelazwa hospitali. Watoto walimwita Ndege, wakampigia mbawa kwa mikono.

Alirudi kwenye brashi. Kazi iliyokuwepo ilikuwa ya kampuni: kuandika HATARI kwa rangi nyekundu kwenye vibao kuzunguka kilima. Aliifanya. Herufi zake, lazima niseme, ni nzuri.

Shangazi hakuzungumza naye kwa muda mrefu. Brashi alimpelekea ndoo za maji ya kununua, akaziacha mlangoni, zikaingizwa ndani akishaondoka. Kuta za nyumba zilikuwa zimeshaanza kupasuka kwa baruti. Siku moja mlango ulikuwa wazi, na sauti ikamwita.

"Njoo. Kaa."

Akakaa kitandani, chini ya picha.

"Ulinivua nguo mbele ya watu," alisema shangazi. "Hayo nimeshayameza. Sasa niambie jambo moja. Kama hayakuwepo, mimi nilioga wapi?"

"Kwenye chemchemi, shangazi. Chini ya mkuyu. Na mimi ulikuwa ukiniogesha pale pale. Ulinikalisha kwenye mzizi, ukanimwagia maji kwa kata. Hukumbuki?"

Shangazi alifumba macho. Alijaribu kwa kweli.

"Hapana," alisema. "Chemchemi siikumbuki. Nakumbuka yakianguka."

King'ora cha machimbo kikalia, cha kuonya kabla ya baruti. Shangazi akainuka, akapanda kitandani kwa magoti, akaishika fremu kwa mikono miwili, akaibana ukutani kama afanyavyo kila siku, akisubiri mshindo upite.