Mama, Mkwe na Keki ya Karanga

Mpaka leo nikisikia harufu ya kakao najishika mdomo, kama nilivyojishika siku ile kule Hale, nilikokaa kwa dada, nimesimama mlangoni mwa jiko na sukari mkononi. Sikuamini macho yangu. Mama yangu mzazi na shemeji yangu, mume wa dada, walikuwa ndani ya jiko moja!

Asiyejua atasema, kwani kuna nini hapo? Kuna mengi. Kwetu Handeni siku zile, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mama akimwona shemeji anakuja njiani, aliingia porini mpaka apite, hata kama pori lenyewe ni miiba mitupu. Tangu dada aolewe sikuwahi kuwasikia wakisemeshana. Mwenye neno alinituma mimi.

Kilichowatia jiko moja ni dada. Alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na maziwa yakagoma kutoka. Mtoto analia mpaka sauti inakauka, dada naye hali, hanywi, kageukia ukuta. Habari zikafika kijijini kwetu, Kang'ata. Mama akaacha shamba la kijiji cha ujamaa likiwa kwenye palizi, sijui aliwaambia nini viongozi wake, akaja na fuko la karanga kichwani. Kwa mama, dawa ya maziwa ni uji wa karanga. Akapika. Dada akaonja, akasukuma bakuli. Mama akapika tena, dada akasukuma tena.

"Mwanangu, sasa unataka nini?" mama akamuuliza, na sauti ikamtetemeka. Mama yangu hakuwa mtu wa kutetemeka sauti. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Keki," dada akasema. "Ile ya kakao. Aliyonipikia baba mtoto tulipooana."

Nikaangua kicheko. Shemeji apike keki? Fundi wa kituo cha umeme, mtu wa spana na ovaroli? Kumbe kabla ya Uhuru, akiwa kijana, alifanya kazi jikoni kwa bwana mmoja wa mashamba ya mkonge upande wa Mnyuzi, na habari hiyo hakumwambia mtu ila mkewe. Makubwa! Mama akajifunga kanga upya, kisha akaniambia, "Mwambie mkwe wangu aipike hiyo keki. Lakini isiyo na karanga sitaki kuiona."

Nikamwambia, ingawa alikuwa sebuleni na kasikia kila neno. Kopo la kakao lilikuwepo, unga kidogo ulikuwepo, na mayai ya kuku wetu. Sukari ndiyo haikuwepo. Nikatumwa dukani kupanga foleni, na nilinung'unika njia nzima, maana nilijua nitarudi nikute hakuna lililofanyika. Mmoja akiwa jikoni, mwenzake ataingiaje?

Narudi, lahaula! Wote wamo. Shemeji kachutama pembe hii, kaelekea ukuta, anapiga mayai na mafuta kwenye bakuli. Mama yuko pembe ile, kampa mgongo, kanga imefunika kichwa chote, anatwanga karanga za kukaanga. Katikati yao, juu ya mkeka, wamemlaza mtoto.

"Mjukuu wangu," mama anamwambia mtoto, "hebu muulize baba yako, zikilainika hivi zinatosha?"

"Mwanangu, mwambie bibi atwange kidogo tena, mpaka zitoe mafuta."

Mtoto analia tu. Mimi nimeganda. Nilitaka kucheka nikaogopa, nilitaka kupiga kelele nikaona aibu.

Keki yenyewe haina ugumu wowote. Sukari iliingia kwenye mayai, unga ukafuata pamoja na kakao na ile pauda ya kuumulia, kisha karanga, na sufuria likapakwa mafuta. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa na taa za umeme, lakini jiko letu lilikuwa la mkaa, kwa hiyo shemeji akaweka moto kidogo chini na makaa mengi juu ya mfuniko. Akatoka uani kunawa. Mimi nikamchukua mtoto nikampeleka kwa dada, maana moshi ulimzidi.

Basi mama akabaki peke yake na keki. Yeye maisha yake yote moto wa chungu aliuona chini. Akautazama huu wa chini, akauona haba. Kumuuliza mwenyewe hawezi, na mjumbe nimemwondoa. Akaongeza mkaa, akapepea kwa nguvu zake zote.

Harufu ilifika chumbani kabla ya sauti. Kisha nikamsikia mama, "Baba! We baba, njoo, inaungua!"

Toba! Mwanamume ndani ya nyumba ile alikuwa mmoja tu.

Nilikimbia. Shemeji alikuwa ameshaingia kwa mlango wa uani, kashika mfuniko upande mmoja kwa mkono mtupu, mama kaushika upande wa pili kwa tambara, wanatazamana jicho kwa jicho. Makaa yakamwagika. Kaa moja likatua kwenye kanga ya mama, ikaanza kuwaka. Shemeji akaivuta kanga ile kutoka kichwani mwa mama mkwe wake, akaitupa chini, akaikanyaga. Mama yangu akasimama kichwa wazi, mvi zote nje, mbele ya mkwe!

Shemeji akatimka uani. Mama akajitupa nyuma ya mlango wa uani, akajifunika kichwa kwa fuko la karanga.

Nyuma yangu mtu akacheka. Dada alikuwa ameshika fremu ya mlango, mtoto mkononi, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ajifungue. Kisha akanyamaza ghafla, akajitazama kifuani. Kanga yake ilikuwa imelowa.

"Mama," akasema. "Mama, njoo uone."

Mtoto alinyonya hadi akalala. Dada akala keki, akabakiza kule chini kulikoungua.

"Mwambie mkwe wangu," mama akaniambia, bado yuko nyuma ya mlango na fuko lake kichwani, "nimeona mkono wake umeungua. Aupake asali."

Shemeji alikuwa upande wa pili wa mlango huohuo. "Mwambie mama..." akaanza. Nikamsubiri amalize. Hakumaliza, alikuwa analia.

"Nimesikia, baba," mama akamjibu mwenyewe.