Kiharusi cha mgongo kiliponitoa kwenye cherehani yangu, mdogo wangu akakaa

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Haya yalinipata mwenyewe, Gatsata, Kigali, mwaka 1991. Sijaongeza chumvi.

Wazazi walikuwa wameshafariki. Mimi ndiye mkubwa, niliacha shule darasa la sita, nikashona ovaroli za mafundi wa magari, tukala. Mdogo wangu Dative akasoma.

Cherehani ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Hakuna aliyeigusa ila mimi.

Asubuhi moja nashona, maumivu yakanikamata mgongoni, yakazunguka kifua kama nafungwa mkanda. Sijamaliza hata mguu wa suruali, miguu yangu ikafa. Mkojo nao ukagoma kutoka.

Mdomo haukupinda. Niliongea vizuri, hata kutukana nilitukana. Ndiyo maana hakuna aliyewaza stroke.

Jirani yetu, Mama Kizito, akasema, "Umelishwa sumu, mwanangu. Watu wanakuonea wivu kwa hiyo mashine." Akachemsha dawa ya kunitapisha.

Dative akaimwaga. "Mama, mgongo hautapiki! Tunaenda hospitali." Fundi mmoja akatupakia kwenye pikapu.

Daktari alinigusa miguu kwa pamba, nikahisi. Akaweka chuma baridi, ubaridi sikuusikia. Akachoma sindano, wala haikuuma. Akasema damu imekatika kwenye uti wa mgongo: ni kiharusi, ila hakikupiga kichwa.

MRI, ile mashine ya kupiga picha ndani ya uti, hatukuwa nayo. Dawa ya kufufua kilichokufa pia haikuwepo. Matibabu yalikuwa mpira wa mkojo, kulinda BP isishuke, kugeuzwa nisipate vidonda, na mazoezi.

Nikarudi nyumbani nimebebwa. Dative akasimamisha shule, akakaa kwenye benchi yangu.

Wakuu, wivu aliousema Mama Kizito ulikuwepo kweli. Ila ulikuja baada ya ugonjwa, na ulikuwa wangu.

Nimelala, nasikia cherehani yangu inalia chini ya miguu ya mwingine. Mafundi wanakuja: "Dative, mshono wako haufumuki!" Mmoja akanigeukia, "Bosi, wewe pumzika tu, kazi iko salama."

Nikatabasamu kwa meno tu. Siku uzi ulipomkatikia, nilishinda na furaha.

Na huyohuyo ndiye aliyenigeuza, akanisafisha, akanikunja magoti. Hilo liliniuma zaidi. Kila changu kilikuwa mikononi mwake, hata mimi.

Mguu wa kulia ulipoanza kutikisika, akanivuta mpaka kwenye benchi. Akaweka mguu wangu kwenye kanyagio, wake juu ya wangu. Tukashona hivyo miezi.

"Polepole, unaniharibia!"

"Dada, anayekanyaga ni mimi."

Asubuhi moja gurudumu linakimbia, nikamgombeza tena apunguze. Akainua miguu yake yote miwili hewani, gurudumu likaendelea kukimbia.

"Mimi nilishatoka zamani," akasema.

Nililia. Kisha nikamwambia ahame kwenye benchi yangu, arudi shule. Akarudi.

Mguu wa kushoto mpaka leo haujui moto. Maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko.

Funzo: mgongo ukiuma ghafla, miguu ikalegea, mkojo ukaziba, kimbia hospitali saa hiyohiyo, hata kama mdomo umenyooka. Usikandwe, usitapishwe.

Aliyewahi kuugua au kuuguza hili, aseme hapa tujifunze. Ila wale mafundi, kama mmo humu, msianze kusema Dative alishona vizuri kuliko mimi. Nasoma kila comment.