Nilivyojifanya mwenye msitu mbele ya Bwana Misitu

Wakuu, salamu aleikum. Haya nayowaambia yamenifika miye, na Hamadi shahidi.

Serikali ilimleta Bwana Misitu, Mwingereza, apime misitu ya huku kwetu karibu na Konde. Upi uhifadhiwe, upi ukatwe.

Miye na sahibu yangu Hamadi tukapata kazi ya kuburura mnyororo wa kupimia. Miezi miwili ya miba na siafu! Skuli sikusoma, herufi nimejifunza kwenye magazeti ya kufungia sukari, lakini kila mti tuliopita niliuandika jina.

Tukafika kwenye kimsitu chetu, chenye chemchemi inayonywesha kijiji kizima. Kikikatwa kile, maji kwaheri.

Bwana akauliza kupitia karani wake, "Msitu wa nani huu?"

Hamadi akajibu, "Una wenyewe."

Balaa likaanzia hapo. Kwetu pahala pakiwa na wenyewe, ujue pana mashetani. Hukati hata ukuni, na ubani unawafukizia. Karani mtu wa bara, ataelewa wapi? Akaandika kuwa msitu una watu wake.

Bwana akasema wenyewe waje Jumamosi watie sahihi. Wasipokuja, unakatwa.

Jumamosi kijiji kizima kiko mbele ya hema la Bwana. Wenyewe hata mmoja hakutokea. Wangekujaje?

Karani akamgeukia Hamadi. "Mwongo mkubwa we! Wako wapi?"

Wakuu, miye nitukane, nitajikaza kidogo. Hamadi usimguse. Nikaruka mbele:

"Mwenyewe miye hapa!"

Jirani yetu Bi Mize akapasuka kwa kicheko. "Ewe! Na ubani wetu wote ule, ulikuwa ukikufikia?"

Watu hoi. Bwana hakucheka.

"Hati unayo?"

"Sina."

"Mipaka unaijua?"

Ah, hiyo sasa! Nikamtajia mti kwa mti, toka mvule uliopigwa radi mpaka mikadi ya upande wa pwani. Hamadi pembeni ananikosoa: "Umeruka mmoja hapo!" Karani akafungua ramani ya vipimo vyetu, akafuata kwa kidole. Ikalingana.

Ndipo Hamadi akamweleza karani hao wenyewe ni nani hasa. Karani kucheka mpaka machozi, kisha akamtafsiria Bwana habari yote, na ya chemchemi.

Bwana akafuta, akaandika upya: usikatwe, kijiji kiulinde, atarudi kukagua.

Si hati ya milele, najua. Lakini maji tunakunywa, na wiki hii tunapanda miche ya mivule palipo wazi.

Nilichojifunza ni kwamba hasira ilinifungua mdomo tu. Kilichouokoa msitu ni kuujua mti mmoja mmoja. Na neno la kwenu, mfafanulie mgeni kabla hajashika kalamu.

Nyie mipaka ya misitu yenu mnaijua? Semeni tusikie. Anayetaka kumcheka Hamadi apite kwangu kwanza.