Siku Baba Alipouza Gari Lililoshushwa

"We dalali, mwanangu ndiyo kwanza alikuwa amelala!" Nilitoka nje na khanga yangu kifuani, mtoto analia begani. Kila mchana kijana huyo wa mtaani kwetu, Kwa Mathias, huleta wateja chini ya dirisha langu na kuungurumisha gari la milango miwili, lililoshushwa karibu na ardhi na kufungwa bomba nene la moshi. Mteja wa siku hiyo alikuwa anabeza, "Limechoka hili." Nikamwambia, "Ungekuwa hulitaki, kaka, usingeliinamia hivyo. Ongeza dau uondoke nalo!"

Hilo nilijifunza nikiwa mtoto kijijini Masaki, kule Kisarawe, siku baba alipouza la kwake. Uani kulinukia petroli na korosho za kuchoma. Baba alikanyaga mafuta mpaka mabati yakatetemeka, nami nikaruka kwa furaha. Mnunuzi kutoka Kibaha akakunja uso. "Mzee, springi umezikata! Tumbo linaburuza chini. Nani atapita nalo huku?" Kila alipoliponda nilizidi kushangilia, maana nilidhani halitaki, na gari litabaki letu. Baba alitabasamu tu, bei hapunguzi. Sikujua kwamba mtu akiponda hivyo ameshapenda. Ghafla wakashikana mikono, gari likaondoka. Nililikimbilia vumbini mpaka mlio ukapotea, nikalia.

Mlio ule naupenda mpaka leo, sikatai. Lakini kesho yake baada ya kumfokea yule dalali nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, nikalalamika kwa maandishi: "Gari liuzwe, tena kwa bei nzuri. Ila wateja wakalisikilizie barabara kuu, mwanangu alale."