Alama ya Dole kwenye Mche wa Kalamu

Ijumaa ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Harufu kali ya resini, hiyo hiyo uliyoiingiza juzi hapa sebuleni na chupa zako mbili, ukasema, "Bibi, nataka kuanza kutengeneza kalamu." Ukadhani sijaelewa. Nilielewa sana. Nilikuwa nimerudi mtaa wa Ng'ambo, kwenye karakana ya Mzee Rajabu Kasanda.

Kaa basi nikueleze. Mimi sikusoma ila kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeachika, sina mtoto. Nilikuja mjini kumuuguza shangazi yangu Mwanahawa alipolazwa hospitali ya Kitete, na alipopona nikabaki kwake. Ukuta wa nyumba yake ndio uliokuwa ukuta wa karakana. Mzee Rajabu alikuwa fundi wa kukereza, kuchonga mti unaozungushwa na mashine: fimbo, tasbihi, miguu ya vitanda. Nilianza kwa kumfagilia maranda, nikaja nikashika msasa, mwisho akaniachia kukanyaga mashine. Watu walicheka. Mwanamke na mashine ya kukereza! Mimi sikujali, maana sijapata kupenda kitu kama nilivyoupenda mti ule unapozunguka na kutoa umbo lake.

Baba yangu, Mzee Saidi, alikuwa amehamia kijiji kipya cha ujamaa huko upande wa Sikonge. Nyumba za mstari, shamba la tumbaku la pamoja, mikono haitoshi. Akatuma salamu kwamba Ijumaa baada ya swala anakuja kunichukua.

Nilimwendea Mzee Rajabu nikilia. Akaniambia, "Binti, nitazungumza naye. Lakini baba yako ni mtu wa shamba, haamini mpaka aone. Tutamwonyesha kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kalamu sita. Mwalimu wetu wa kisomo, Bi Tatu, aliziomba kwa ajili ya sisi sita tuliokuwa tunamaliza: Bi Nyamizi wa maandazi, Mzee Kapaya, Zuhura, Salima, Ndugu Masanja na mimi. Siku ya kumaliza tungeandika majina yetu mbele ya wageni, sisi ambao maisha yetu yote tulikuwa tunachovya dole kwenye wino na kuligandamiza kwenye karatasi. Mpwa wake Mzee Rajabu alimletea kwa treni kutoka Dar es Salaam kopo moja la resini, utomvu wa kiwandani, mzito, rangi ya asali. Kopo moja tu. Jingine lisingepatikana leo wala kesho.

Alhamisi alasiri tukamimina. Kalibu ilikuwa sanduku la mbao lenye mifereji sita, tumeipaka nta ya nyuki ili resini isishike. Vipande vya mpingo vya kulaza ndani ya resini tulivianika wiki mbili juu ya bati la paa, maana mti wenye maji hutoa mapovu. Aliyechanganya dawa ya kugandisha ni Zuberi, fundi wa pili, mtu mzima mwenye wanawe wanne na mdomo usiotulia. Alihesabu matone arobaini kwenye kikombe huku anamsimulia shangazi habari za jirani.

"Zuberi," Mzee akamwambia, "funga mdomo uhesabu. Ulishanichania magogo mawili mwezi huu. Ukiniharibia na hii, usirudi."

"Mzee, mimi nahesabu kwa macho, nasema kwa mdomo. Ni idara mbili tofauti."

Tukamimina polepole, pembeni mwa mfereji, kisha tukafunika. Mzee Rajabu akasema asiguse mtu mpaka Jumamosi adhuhuri, maana kipupwe kilikuwa kimeingia na resini haipendi baridi.

Ijumaa wanaume wakaenda msikitini. Nikabaki peke yangu nasugua fimbo ya mpingo, mikono myeusi kwa vumbi. Jumamosi, mwanangu. Na baba anakuja leo. Ataonyeshwa nini, sanduku lililofunikwa? Nikainua kifuniko. Juu palikuwa pakavu, panang'aa kama kioo. Nikajiambia imeshaganda, nitoe mmoja tu.

Nikavuta mche wa kwanza, kipande ambacho tungekikereza kiwe kalamu. Ulitoka nusu, nusu nyingine ikang'ang'ania, ikavutika kama ulimbo. Nikashtuka, nikavuta ubao unaotenga mifereji, ukaja na mche wa pili na wa tatu, yote imepinda. Nikairudisha. Nikaigandamiza kwa dole gumba ikae sawa, nikafunika, nikarudi kwenye fimbo yangu. Nikasugua kama mwendawazimu.

Baba akafika na baiskeli yake, chupa mbili za asali zimefungwa nyuma. "Shikamoo baba." "Marahaba. Umefunga mzigo?" Mara Mzee Rajabu na Zuberi wakaingia, wakaamkiana na baba, akapewa kigoda. Na Mzee, ili kumpa mgeni heshima, akasema, "Hatutoi leo, lakini tazama kwa macho kazi ya mikono ya binti yako." Akafunua.

Akabaki na kifuniko mkononi.

Miche mitatu ilikuwa mizima. Mitatu imekaa kama minyoo. Mzee Rajabu akamgeukia Zuberi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Matone mangapi?"

"Arobaini, Mzee."

"Ulihesabu au uliongea?"

"Wallahi arobaini." Zuberi hakuwa na mzaha tena. "Mzee, kama ni dawa kidogo, hata hii mingine ingelegea. Imetoka kikombe kimoja."

"Nilikuambia nini jana? Chukua koti lako, Zuberi."

Akachukua koti. Mimi nikawa natazama fimbo. Nilijua nina neno moja la kusema, na nilijua nikilisema, jioni ile niko juu ya baiskeli kwenda Sikonge, na mkono wangu hautagusa mashine tena. Najua utaniona mbaya. Nilikuwa mbaya.

Baba, kwa kutaka tu kuona, aliuokota mche mmoja kwa uangalifu, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango. Nikamwona ametulia. Juu ya resini palikuwa na alama ya dole, nyeusi kwa vumbi la mpingo, kila mstari umesimama, na katikati mkato umepita mshazari. Mwanangu, kovu hili hapa kwenye dole gumba nililipata nikiwa na miaka saba, kisu cha tumbaku kilinipitia. Aliyenifunga kitambaa ni baba.

Akanitazama. Kisha taratibu akauweka ule mche juu ya goti, akaufunika kwa kiganja.

Baba yangu, ambaye alikuwa akiokota jembe la mtu njiani anazunguka nalo kijiji kizima kumtafuta mwenyewe, alikuwa anaficha, kwa ajili yangu. Na Zuberi amefika mlangoni, koti begani.

"Ni mimi," nikasema. "Nimefungua mkiwa msikitini. Dole ni langu. Baba, waonyeshe."

Baba akaondoa mkono.

Mzee Rajabu aliuchukua mche, akauangalia, akanijia karibu. "Kufungua ni haraka ya ujana, ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini umesimama hapo, binti, umemwacha mtu mwenye watoto wanne anachukua koti lake. Hilo ndilo lililoharibika leo. Resini nitatafuta nyingine."

Baba akasimama kwenda kufungua kamba ya baiskeli afunge mzigo wangu, na mimi nikaanza kuvua aproni.

Aliyezungumza ni Zuberi. "Mzee, mwache abaki. Mimi nikikosea tena nitahitaji mtu wa kumsingizia."

Kisha Mzee Rajabu akaguna, akatazama pembeni, akamuuliza baba anasemaje. Baba akaiachia ile kamba, akachukua chupa za asali, moja akampa Mzee, ya pili akampa Zuberi. Akaniambia, "Nitamweleza mama yako umebaki. Ila usinifanye nifunike tena." Akapanda baiskeli.

Kalamu tatu wakapewa Bi Nyamizi, Mzee Kapaya na Ndugu Masanja. Mimi jina langu niliandika kwa penseli. Mche wenye dole Mzee Rajabu aliutundika msumarini juu ya mashine, na hadi anafariki hakuutaja hata mara moja. Uko kwenye kopo langu la vifungo, kautazame.

Basi anza, mwanangu. Kausha mti wako, paka kalibu nta, fungua madirisha, hesabu dawa ukiwa umenyamaza, na siku ya kusubiri isubiri yote. Utaharibu, hakuna aliyejifunza bila kuharibu. Ukiharibu, sema upesi, kabla jina la mwenzako halijatajwa, na kabla mtu anayekupenda hajaweka kiganja chake juu ya kosa lako. Mungu aitulize mikono yako, akupe wenzako kama Zuberi, na kila utakachokitoa kwenye kalibu kiwe kitu unachoweza kumwonyesha baba yako mchana kweupe.