Mwaka Maji Yalipopanda kwa Bibi

Harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha Ileje, kwa bibi yangu mzaa mama, aliyenilea. Wapimaji walipita bondeni kwetu wakipigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Kimoja kilisimama juu kabisa, kupita nyumba ya bibi na kahawa zake. Walisema mto utazibwa, na maji ya bwawa yataishia pale.

Nilikuwa na miaka minane. Nilichoelewa ni kwamba maji hufuata kigingi. Basi asubuhi moja nilikichimbua kwa jembe, nikakishusha hadi kwenye migomba, chini ya nyumba, nikakigongea kwa jiwe. Nilipoinuka, bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo kichwani. Nikangoja fimbo.

"Kimekaza?" aliuliza.

"Kimekaza, bibi."

Akaenda zake.

Majirani walihamia mlimani mmoja mmoja. Mama alikuja kutoka Chapwa mara mbili kumbembeleza. Bibi akawa anamwonyesha kigingi kwa kidole: "Si unaona mwisho wao ule? Mimi niko juu." Mama, asiyejua lolote, alirudi amechoka. Mimi nilijiona mkombozi wa ukoo mzima.

Mto ukazibwa, mvua zikanyesha. Maji hayakuja kwa kishindo kama nilivyotarajia. Yalipanda kimya, rangi ya chai ya maziwa, yakafunika viazi, kisha migomba. Kigingi kilipozama nililia kwa hofu. Mama alipofika na mjomba kubeba vyombo, nilikiri.

"Mimi ndiye niliyekihamisha."

Mama akamgeukia bibi. "Mama, ulijua?"

"Nilijua."

Alikwenda nyuma ya nyumba, akapiga magoti chini ya mbuni mmoja wa kahawa, akachota udongo na kuufunga kwenye pindo la kitenge. Tukapanda mlima, maji yakiwa uani. Nilidhani udongo ule ni wa kuoteshea miche.

Nilikuwa mama tayari nilipoambiwa. Chini ya mbuni ule alilala mtoto wa kwanza wa bibi, msichana aliyeishi siku tisa. Waliohamisha makaburi walihamisha yenye misalaba. Lake halikuwa na alama, na bibi hakuwahi kumtaja mbele ya wageni. Kigingi changu hakikumdanganya bibi hata siku moja. Miezi ile yote niliyodhani ninailinda nyumba, yeye alikuwa akimuaga mwanawe.