Gauni la Melimeli na Kahawa ya Wifi

Wifi yangu alinimwagia kahawa mbele ya wanawake wote wa ukoo wao, na hakuniomba radhi mpaka alipokufa. Nami sikumwomba radhi kwa nilichomfanyia baadaye. Leo mie ni mtu mzima mwenye wajukuu, na bado nikilikumbuka jambo lile meno yananiuma kwa kuyasaga.

Tulikuwa tunakaa Temeke. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha lakini dhiki yake ilikuwa haijaondoka. Nguo ilikuwa adimu. Ukisikia Mhindi wa duka la kona kapata jora la bafta, unaacha chungu jikoni unakimbia, na ukifika unakuta wanawake wamejaa mpaka barabarani na jora lenyewe limekwisha. Mie nilikuwa mke mpya. Nilitoka kwetu Kigamboni, ng'ambo ya maji ya bandari, na sanduku la bati, na ndani ya sanduku hilo kitu cha maana kilikuwa kimoja tu: gauni jeupe la melimeli, ile pamba nyembamba na laini.

Kitambaa chake mama alikinunua kabla ya vita. Miaka yote ile watu walipokuwa wakijifunga magunia, yeye alikificha ndani ya godoro la sufi, hata shangazi zangu hawakujua. Niliposwa, akakitoa, akanishonea kwa mkono, mshono mdogo kama wa sisimizi, huku kikohozi kinamsumbua. Alilimaliza gauni lakini harusi yangu hakuiona. Kwa hiyo lile halikuwa vazi tu. Nilipokuwa nikilivaa nilihisi mtu amenishika mabegani.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Mwanamke mrefu, mzuri kwa kweli, sitamnyima haki yake, na sauti yake ukiwa nje ya ua unaisikia. Alikuwa anaongoza mstari wa mbele katika chama chao cha lelemama, ile ngoma ya wanawake ya kusimama safu na kuyumba polepole kwa madaha. Alikuwa na shoga yake wa chanda na pete, na nia yake kubwa ilikuwa kumwoza shoga huyo kwa mdogo wake. Mdogo wake akanioa mie. Tangu siku ile hakuniita kwa jina. Aliniita "yule wa ng'ambo."

Siku ya kahawa palikuwa na harusi nyumbani kwa mama mkwe. Wanaume wako barazani, sie wanawake tumejaa uani kwenye mikeka. Nilivaa gauni langu kwa mara ya kwanza mbele ya wakwe. Mama mkwe aliponiona alinishika kidevu akasema, "Mashallah, umependeza mwanangu." Nikaona wifi ameusikia ule msemo, maana aligeuza shingo.

Ikaliwa halua, ikaja kahawa. Wifi mwenyewe ndiye aliyeshika dele, akawa anapita kwa kila mtu akimimina kwenye vikombe vidogo. Aliwamiminia wenzangu wa kulia na wa kushoto bila tone kuanguka. Alipofika kwangu nikanyoosha kikombe. Akaniangalia usoni. Kisha mdomo wa dele ukapita juu ya kikombe changu, ukaja kifuani, na kahawa ya moto ikanishukia mpaka mapajani.

Niliruka nikipiga kelele. Wanawake wakashtuka.

"Ala! Pole," alisema, bila kuliweka dele chini. "Mkono umeteleza."

Kisha akawageukia wenzake, akaongeza, "Lakini nguo nyeupe nazo si za kila mtu. Zina wenyewe."

Shoga yake akacheka kwanza. Wengine wakafuata, wengine kwa aibu, wengine kwa raha. Mie nilisimama pale katikati ya mikeka, ngozi inawaka, na mama yangu, ndivyo nilivyoona, mama yangu mzima amemwagiwa uchafu mbele za watu. Sikulia. Nilijitanda kanga, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Nyumbani nilimkuta mume wangu amerudi kubadilisha kofia. Nikamweleza. Akakuna shingo.

"Dada hana nia mbaya," alisema. "Yeye ndivyo alivyo tu."

"Ndivyo alivyo?"

"Sasa unataka nifanyeje? Nikagombane na dada yangu kwa ajili ya kahawa?"

Nikajua kwamba katika jambo hili niko peke yangu.

Namna ya kuitoa kahawa nilikuwa naijua, kwa sababu kwetu baba yangu alikuwa mnywaji mkubwa wa kahawa na kanzu zake zilikuwa hazikosi madoa. Mama alinifundisha nikiwa mdogo. Jambo la kwanza, usiiguse kwa sabuni ya mche. "Kahawa ni rangi ya mti," alikuwa akisema. "Ukiipa sabuni hiyo, umeipa nyumba." La pili, usiitie moto wa pasi kabla doa halijakwisha kabisa, maana pasi ndiyo hufunga mlango wa nyumba hiyo.

Basi nililigeuza gauni upande wa ndani, nikalimiminia maji ya mtungi, ya baridi, mengi, yapite kwa nyuma yaisukume kahawa itoke kule ilikoingilia. Maji yakatoka ya kahawia, kisha ya manjano. Nikakamua ndimu, nikachanganya na chumvi mpaka ikawa kama uji mzito, nikapaka kwenye madoa, nikalitandaza gauni juu ya majani penye jua kali. Kila lilipokauka nililowesha tena kwa ndimu. Jioni nikachemsha maji, nikalifunga gauni kwenye mdomo wa beseni kwa kamba, likakaza kama ngozi ya ngoma, nikapanda juu ya kinu na kuyamimina maji yale ya moto kutoka juu yapenye katikati ya doa. Ile ndiyo kazi ya nguvu. Maji yananirukia miguuni, na mie namimina huku namtaja mtu kwa jina lake.

Siku iliyofuata nikarudia yote. Madoa yakafifia, yakabaki kama kivuli. Nikarudia tena. Mwisho nikasuuza kwa maji yenye buluu kidogo, nikaanika, na gauni likawa jeupe kama lilivyotoka mikononi mwa mama. Ila malengelenge ya pajani yaliacha alama, na alama ile ninayo mpaka leo. Hakuna ndimu ya kuitoa.

Nililivaa tena siku ya maulidi, makusudi, nikakaa mbele ya wifi. Alitazama kifuani pangu, akatazama mapajani, akatafuta.

"Lile si ndilo?" aliuliza.

"Ndilo, wifi."

"Limetokaje?"

"Mungu tu."

Akawageukia wenzake. Lakini nilimwona amelihifadhi jambo lile moyoni, nami langu nikalihifadhi.

Mwaka ule ule chama chao cha lelemama kikapata mashindano na chama cha Kinondoni. Walichanga, wakapata jora moja la bafta kwa yule Mhindi, tena kwa kumbembeleza mkewe, wakashona magauni meupe ya sare. Niliomba nami niingie, maana kwetu Kigamboni nilikuwa nikicheza vizuri. Wifi akajibu mbele ya wote, "Magauni yametosha. Tena sie hatuchezi na watu wa kuvuka maji."

Ilipokaribia siku ya mashindano akawa anakaa ukumbini kwake amelivaa gauni la sare, wageni waje wamwone, na dele la kahawa pembeni. Kuku akaingia anafukuzana na mwenzake, akarukia sinia. Kahawa yote ikamwishia mapajani. Mie sikuwepo, nilisimuliwa. Niliposikia nilikaa chini kwenye kinu nikacheka mpaka machozi.

Kabla machozi hayajakauka, yeye huyo mlangoni, na gauni ndani ya beseni.

"Shikamoo, dada," nikamwamkia.

"Marahaba. Haya, niambie ulivyofanya lile lako. Kesho ndiyo kesho, na kitambaa kingine hakuna mjini."

Alisema hivyo kama anayemwagiza mtumishi chumvi. Nikamkaribisha akae. Nataka ieleweke kwamba nilimpa nafasi. Nilikuwa tayari, wallahi, kumpa ndimu zangu na jua langu na maji yangu ya moto, kama angetamka neno moja tu.

"Lile langu," nikamuuliza taratibu, "lile ulilonimwagia?"

Akanitazama kwa dharau. "Nilikumwagia? Mkono uliteleza. Hebu usinirudishe huko, mwanamke. Sema, nina haraka."

Hapo moyo wangu ukatulia. Sijawahi kutulia kama vile. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, nikamfundisha kwa ulimi wa asali.

"Rahisi tu, wifi. Chukua sabuni ya mche, usugue sana. Lakini usiisuuze haraka, iache povu lake liingie. Kisha maji ya uvuguvugu. Likiwa bado bichi, lipige pasi, pasi ya moto kabisa, mpaka likauke. Doa litafuata mvuke."

"Basi?"

"Basi."

"Na mie nilidhani una dawa ya waganga."

Alipoinuka nikakumbuka kwamba pasi yake ilikuwa imevunjika mpini. Nikamwazima yangu. Tena nikamtilia mkaa mwenyewe, nikaupepea mpaka ukawa mwekundu, nikaifunika vizuri, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaondoka nayo kuelekea nyumbani kwa mama yake, ambako kulikuwa na meza ya kupigia pasi.

Kesho yake likaja lori kuwachukua wachezaji, na sie watazamaji tukapanda nyuma. Wifi alikuwa amejifunga kanga juu ya gauni lake. Tulifika Kinondoni, watu tele, zumari linalia. Bibi mkuu wa chama akawapanga. Alipofika kwa wifi akasema, "Vua kanga, mwanangu. Tunaingia."

"Naona baridi, bibi."

Lilikuwa jua la kupasua kichwa. Bibi akaishika kanga mwenyewe, akaivuta. Doa lilikuwa kubwa, la hudhurungi, na kingo zake zimekolea kama zimechorwa kwa wino. Ule upande wa wenyeji mtu mmoja akapiga kigelegele cha kejeli, kikapokewa na wengine.

"Huwezi kusimama mbele hivyo," bibi alisema. "Kaa na mizigo."

"Bibi, niweke hata nyuma."

"Kaa na mizigo, nimesema."

Kisha bibi akamtazama aliyemfuatia kwenye mstari, akamvuta mbele. Alikuwa yule shoga yake, yule aliyemtaka aolewe mahali pangu. Hilo mie sikulipanga. Nilidhani atakataa, atasema siwezi kusimama mahali pa mwenzangu. Wapi! Aliingia mbele na kidevu juu, akacheza kama amezaliwa pale, na chama chao kikashinda. Kuanzia siku ile mahali pale hakupaachia. Ushoga wao ulikufa Kinondoni, na mie nilikuwepo kwenye mazishi.

Wifi alikuja kwangu asubuhi yake, ameishika pasi yangu, akaitupa mlangoni.

"Ulinidanganya."

"Mie?" nikasema. "Ulimi uliteleza, wifi."

Uso ukamsawijika. Nilikuwa nimeingojea sura ile tangu siku ya kahawa, nikaitazama yote bila kupepesa macho. Mume wangu alitoka chumbani akatusimamia katikati, akaanza, "Jamani nyie..." Hakuna aliyemsikiliza.

Wakaitisha kikao cha ukoo. Waliniambia niombe radhi. Nikapandisha kanga, nikawaonyesha wazee wa kike alama ya pajani, nikawauliza ni nani aliyeiombea radhi hii. Kikao kikavunjika.

Watu husema kisasi kikishalipwa huacha uchungu mdomoni. Labda kwao. Mie nilikula nikashiba, nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Wifi alikaa Temeke muda mfupi tu, kisha akamfuata mumewe kwenye mashamba ya Tabata, na tulikuwa tukionana misibani, tunapeana salamu za midomo.

Lakini liko jambo ambalo sikulijua mpaka miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa nimeenda kumsaidia mama mkwe kupepeta mchele, tuko wawili tu. Akaanza mwenyewe, hajaulizwa.

"Siku ile mwanangu alipoleta pasi yako hapa, mie nilikuwa nimekaa papa hapa. Nilimwona anasugua sabuni. Nilimwona anapiga pasi doa likiwa bichi."

Nikaacha ungo. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Nimefua kanzu za marehemu baba yao maisha yangu yote, nisijue kahawa?"

"Sasa mbona hukumwambia?"

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitazama, akalitupa.

"Wewe ulikuwa mgeni wangu," alisema. "Ulikaa kwenye mkeka wangu, ukaunguzwa ndani ya ua wangu, mbele ya wageni wangu, kwa mkono wa mtoto wangu niliyemlea mwenyewe. Alinivua nguo mie kabla yako. Nikamwangalia anapiga pasi, nikamwambia, ongeza mkaa."

Akauvuta ungo kwake, akaendelea kupepeta.